Kura 52 kwa 47, mbona hatukupata kitu?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu usawa wa intaneti, yaani ile kanuni kwamba kampuni inayokuuzia intaneti ipitishe kila kitu sawasawa, isikae inachagua kipi kipite mbio na kipi kikwame. Meseji zilizokuja baada ya hapo zimenionyesha wengi mnataka kujua wabunge wamefanya nini hasa kwenye jambo hili, basi leo safu nzima ni hiyo. Meseji nimezifupisha kidogo, maneno ni yenu.

Mbishi, Columbus, Ohio: Shikamoo anti. Nina ubishi na kaka yangu tangu Ramadhani. Yeye anasema Seneti ya Marekani ilishapiga kura kurudisha usawa wa intaneti, 52 kwa 47, tena ana skrinshoti kabisa. Mimi nilisoma kwamba mahakama imeufuta na saa hizi haupo. Nani anadanganya hapa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hakuna anayedanganya. Skrinshoti ya kaka yako ni ya kweli na wewe ulichosoma ni kweli, shida ni kwamba kati ya hiyo kura na hiyo mahakama kuna safari ndefu ambayo watu hawaisimulii, wanakupa namba wanaondoka.

Tuanze na hiyo kura. Ilikuwa tarehe 16 Mei 2018. Wengi wanafikiri siku ile Seneti ilitunga sheria, haikutunga. Ilikuwa inajaribu kukifuta kitendo cha kufuta. Iko hivi, kule kanuni za intaneti zinatungwa na Tume ya Mawasiliano, FCC, ina makamishna watano wanaoteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, na wa chama kimoja hawaruhusiwi kuzidi watatu. Tarehe 26 Februari 2015, enzi za Obama, mwenyekiti akiwa Tom Wheeler, tume ilipitisha kanuni kali: marufuku kuzuia tovuti, marufuku kubana spidi, marufuku kumuuzia njia ya haraka mwenye hela. Kura tatu kwa mbili. Akaingia Trump, mwenyekiti akawa Ajit Pai, na tarehe 14 Desemba 2017 tume ileile ikazifuta kanuni zilezile. Kura tatu kwa mbili.

Sasa wabunge wana silaha moja, sheria ya mwaka 1996 inayowaruhusu kutengua kanuni ya taasisi ya serikali ikiwa bado mbichi. Uzuri wake ni kwamba kwenye Seneti haihitaji zile kura 60 zinazokwamisha miswada mingi, walio wengi wakizidi hata kwa mmoja inatosha. Seneta Ed Markey wa Massachusetts akaishika hiyo. Wademocrat wote pamoja na wale wawili wasio na chama wakawa 49, wakajiunga Warepublican watatu, Susan Collins wa Maine, Lisa Murkowski wa Alaska na John Kennedy wa Louisiana, ikatimia 52. Upande wa pili 47, John McCain hakuwepo, alikuwa anaumwa. Hapo ndo skrinshoti ya kaka yako inapoishia.

Lakini azimio la namna hiyo lazima lipite pia Baraza la Wawakilishi, alafu rais aweke sahihi. Na Baraza lilikuwa mikononi mwa Warepublican, wakuu wake hawakutaka hata kulileta ukumbini. Wenye nia wakajaribu njia ya kukusanya sahihi, ukipata sahihi 218 za wabunge unaweza kulazimisha jambo liletwe hata kama wakubwa hawataki. Mike Coffman wa Colorado ndo alikuwa Mrepublican wa kwanza kusaini, Julai 2018, ila sahihi hazikufika 218, Januari 2019 Bunge lile likafika mwisho wake na azimio likafa nalo. Halikukataliwa na Baraza, elewa hilo, halikuwahi kuulizwa.

Wademocrat wakawa wamelichukua Baraza, na tarehe 10 Aprili 2019 wakapitisha muswada wa sheria kabisa wa kurudisha kanuni za 2015, kura 232 kwa 190, Mrepublican aliyekubali alikuwa mmoja tu, Bill Posey wa Florida. Ukapelekwa Seneti. Kiongozi wa walio wengi kule, Mitch McConnell, alishasema mapema kwamba kwake hauna uhai, hakuuweka kwenye ratiba, ukaozea mezani.

Hapa naomba utulie kidogo maana ndo moyo wa jibu langu. 2018 Seneti imesema ndiyo, Baraza halikuulizwa. 2019 Baraza limesema ndiyo, Seneti haikuulizwa. Ndiyo mbili, kila moja imeingia nyumbani wakati mwenzake katoka. Na historia nzima iko hivyohivyo. Markey huyuhuyu mwaka 2006, akiwa bado mbunge wa Baraza, alileta pendekezo la usawa wa intaneti likaangushwa kwa kura 269 dhidi ya 152, na mwezi huohuo wa Juni kwenye kamati ya biashara ya Seneti pendekezo la Olympia Snowe na Byron Dorgan likatoka sare, 11 kwa 11, na pendekezo likitoka sare limeanguka. 2011 mambo yakageuka, wakawa wanaopinga ndo wanaotaka kutengua kanuni za usawa wa intaneti ambazo tume ilizitunga mwaka 2010, Baraza likakubali kutengua 240 kwa 179, Seneti ikakataa, 46 walitaka na 52 hawakutaka. Yaani mabaraza haya mawili hayajawahi kusema ndiyo kwa wakati mmoja kuhusu jambo hili.

Kwa sababu hiyo sheria inayotumika mpaka leo ni ya mwaka 1934, ilifanyiwa marekebisho makubwa 1996 wakati watu wengi hata imeili hawana, na ugomvi wote unaning'inia kwenye maneno mawili humo ndani: intaneti unayouziwa nyumbani ni "huduma ya mawasiliano" au ni "huduma ya habari"? Ukisema ni mawasiliano, kampuni inakuwa kama daladala, haina ruhusa ya kuchagua abiria, konda akikataa wanafunzi kwa sababu nauli yao ndogo anakamatwa. Ukisema ni huduma ya habari inakuwa kama gari la kukodi, mwenye gari anampakia anayemtaka. Mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilisema maneno hayo hayako wazi, kwa hiyo tume iamue yenyewe. Na tume ikawa inaamua kila ikibadilika serikali.

Tarehe 25 Aprili 2024, chini ya mwenyekiti Jessica Rosenworcel, tume ikazirudisha kanuni. Kura ngapi? Tatu kwa mbili. Kampuni zikaenda mahakamani, kesi ikaangukia Mahakama ya Rufaa ya kanda ya sita, ambayo makao yake ni Cincinnati, hapohapo Ohio kwenu, kama saa mbili hivi kwa gari kutoka ulipo. Katikati ya hayo, Juni 2024, Mahakama Kuu ikawa imefuta ule utaratibu wa miaka 40 wa majaji kuiachia taasisi ya serikali itafsiri sheria isiyo wazi. Basi tarehe 2 Januari 2025 majaji watatu wa Cincinnati wakasema sisi tumesoma wenyewe, intaneti ni huduma ya habari, tume haina mamlaka hayo, kwisha. Hiyo ndo uliyoisoma wewe.

Ukiziangalia kura za tume, 2010, 2015, 2017, 2024, zote nne ni tatu kwa mbili. Kila mara mtu mmoja ndo anaamua intaneti ya nchi nzima iendeje, na mtu huyo hakuna raia aliyempigia kura. Mimi hilo linaniuma kuliko hata matokeo yenyewe. Siwalaumu sana makamishna, wao walifanya kazi kwa sheria waliyopewa, ninaowalaumu ni waliotumwa na wananchi kutunga sheria wakaacha maneno ya 1996 yabaki vilevile karibu miaka 30, wakati mistari miwili tu ingemaliza ugomvi, upande wowote ule. Na kwa uamuzi wa Cincinnati sasa hivi hata tume ikibadilika tena haiwezi kurudia mchezo ule kirahisi, njia iliyobaki ni Kongresi yenyewe, yaani hayo mabaraza mawili. Muonyeshe kaka yako hapa, alafu mmalize huo ubishi.

Msaidizi wa wauguzi, Minneapolis: Anti habari. Kuna mtu msibani alisema mwaka 2017 Kongresi ilipiga kura ili kampuni za intaneti ziuze habari za tovuti tunazoingia. Watu wakamcheka. Ni uvumi?

Jibu: Nzuri dada, pole na msiba. Sio uvumi, na hao waliomcheka wangemsikiliza, ila kasimulia nusu.

Oktoba 2016 FCC ilitunga kanuni ya faragha. Kampuni ya intaneti ikitaka kutumia au kugawa historia ya tovuti zako, mahali ulipo, habari za afya yako au za hela zako, kwanza ikuombe, na wewe ukubali. Kabla vipengele vyake vikubwa havijaanza kufanya kazi Seneti ikaitengua tarehe 23 Machi 2017, kura 50 kwa 48, chama kwa chama. Baraza la Wawakilishi likafuata tarehe 28, kura 215 kwa 205, Warepublican 15 wakakataa pamoja na Wademocrat lakini hawakutosha. Trump akasaini tarehe 3 Aprili. Silaha iliyotumika ni ileile niliyomweleza Mbishi hapo juu. Hesabu siku, ni kumi na moja tu tangu kura ya kwanza mpaka sahihi ya rais, wakati usawa wa intaneti umezunguka miaka na miaka bila kukutanisha mabaraza. Kwa hiyo mtu asikwambie Kongresi ni nzito kwenye mambo ya mtandao, kilichotakiwa kupita haraka kilipita haraka.

Kusema walipiga kura kampuni "ziuze" kunapotosha kidogo, maana kanuni ilikuwa haijaanza, hivyo siku ya pili yake hakuna kilichobadilika kwenye simu yako. Walichokipigia kura ni kwamba kampuni zisilazimike kukuomba. Wewe unafanya kazi ya afya, unajua tofauti ya kumfanyia mgonjwa kitu kwa ridhaa yake na kumfanyia tu kwa sababu hajakataa, na karatasi ya ridhaa unavyoihangaikia usiku saa nane. Na kuna kipengele ambacho watu wanakisahau, kanuni ikishatenguliwa kwa njia hii, taasisi hairuhusiwi kuleta nyingine inayofanana nayo mpaka Kongresi itunge sheria mpya ya kuiruhusu. Hiyo kwangu ndo sehemu mbaya zaidi ya kura ile, kwa sababu wamefuta kanuni na wakafunga na mlango.

Ila wewe uko mahali pazuri. Minnesota ina sheria yake ya jimbo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 inayoitaka kampuni ya intaneti ipate ruhusa yako kabla ya kutoa habari zako, pamoja na tovuti unazotembelea. Na Maine ikapitisha ya kwake 2019. Kwa hiyo mwambie aliyesema msibani kwamba alikuwa sahihi kuhusu Washington, lakini jimboni kwenu mna kinga kidogo.

Dereva wa roli, Houston: Dada yangu mimi nasema ukweli, mlitutisha. 2017 kila mtu anapiga kelele intaneti inakufa, itauzwa vipande vipande kama vifurushi vya king'amuzi. Mimi hapa naangalia mpira, napiga video na mama Arusha kila Jumapili, sijaona kilichobadilika. Kwa nini niwasikilize tena?

Jibu: Kaka, hapo umesema kweli na sitakuzungusha. Zile picha za bei, ati dola kadhaa kwa mitandao ya kijamii, dola kadhaa kwa video, hazikutokea, na waliozisambaza walikuwa wanatabiri kitu wasichokijua. Kanuni zilikoma rasmi tarehe 11 Juni 2018 na kesho yake watu waliamka intaneti ni ileile. Kwenye kampeni ile uchafu ulikuwa pande zote mbili pia, mwendesha mashtaka mkuu wa New York alichunguza yale maoni zaidi ya milioni 22 yaliyopelekwa FCC mwaka 2017, akakuta karibu milioni 18 ni feki. Milioni 8 na nusu zililipiwa na kampuni za intaneti zilizotaka kanuni zifutwe, wakatumia majina ya watu wasio na habari, na upande wa pili kijana mmoja wa chuo wa miaka 19 alituma zaidi ya milioni 7 peke yake kwa majina ya kutunga. Raia wa kweli aliyekaa akaandika maoni yake kwa uchungu amezikwa humo ndani. Hilo mimi linanisikitisha sana.

Sasa kwa nini hukuona kitu. Moja ya sababu, na naiamini kuliko nyingine, ni kwamba majimbo hayakukaa kimya. Washington lile la Seattle likatunga sheria yake Machi 2018, na tarehe 30 Septemba 2018 gavana Jerry Brown akasaini ya California ambayo ndo kali kuliko zote. Serikali ya Trump ikaishtaki California siku hiyohiyo. Oktoba 2019 mahakama ya rufaa ya Washington DC ikaiunga mkono FCC kwenye kufuta kanuni, lakini ikasema FCC haiwezi kuyakataza majimbo yote kwa mkupuo yasitunge za kwao. 2021 serikali ya Biden ikaondoa kesi, Januari 2022 mahakama ya rufaa ya kanda ya tisa ikaiacha sheria ya California isimame. Na kampuni ya simu haiwezi kirahisi kuendesha mtandao mmoja kwa tabia mbili, ukivuka mpaka wa jimbo inabadilika. Machi 2021 AT&T iliacha ule mpango wake wa kutokata data kwenye huduma zilizolipiwa, na iliacha nchi nzima, sio California peke yake. Kwa hiyo wewe Texas ambako hakuna sheria hiyo umekula matunda ya kura za wabunge wa California ambao hata hukuwachagua.

Na sio kwamba hofu ilitoka hewani. Mwaka 2007 kampuni ya intaneti ya Comcast ilibambwa inawakwamisha watu wanaotumia BitTorrent, programu ya kupeana mafaili makubwa, kwanza ikakana, baadaye ushahidi ukaonekana. Mwaka 2018 kwenye ule moto mkubwa wa msituni wa Mendocino Complex, gari la mawasiliano la zimamoto wa kaunti ya Santa Clara lilibanwa spidi na Verizon wakiwa kazini kwa sababu data ilipita kiwango, wakaambiwa wapande kifurushi. Verizon yenyewe ilikiri huduma yao kwa mteja ilikosea, ikasema hilo halihusiani na usawa wa intaneti, na kwa sehemu nakubali maana kile kilikuwa kikomo cha kifurushi, sio kubagua tovuti. Ila zimamoto aliyebanwa spidi moto unawaka alipaswa ampigie nani simu mwenye nguvu ya kuiamrisha kampuni? Hata ile mahakama ya 2019 iliirudishia FCC suala la usalama wa umma ikaliangalie upya, kwa sababu ilikuwa imelipita juujuu.

Mimi mwenyewe nilikaa miaka mitatu kwenye jengo moja la kupanga huko Marekani ambalo kampuni ya waya ilikuwa moja tu, ikikwama huna pa kwenda, unalipa bei wanayoitaka na unashukuru. Ndo maana maneno ya "soko litajirekebisha" hayaniingii. Soko la duka moja sio soko.

Mfanyabiashara, Kampala: Mimi Mtanzania niko Kikuubo. Ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii tuliyolipa, wabunge wa Uganda ndo waliipitisha au ilikuwa amri ya rais tu?

Jibu: Waliipitisha ndugu yangu, iko kwenye kumbukumbu. Rais Museveni aliandika barua Machi 2018 akilalamikia umbea wa mitandaoni, lugambo kama wasemavyo huko, lakini barua sio kodi. Kodi ilipita bungeni tarehe 30 Mei 2018 ndani ya muswada wa marekebisho ya ushuru wa bidhaa, ikaanza tarehe 1 Julai, shilingi 200 kwa siku ukitaka kufungua WhatsApp, Facebook, Twitter na wenzao. Na huo ndo ubaguzi wa intaneti kwa maana yake halisi, maana kampuni ya simu ililazimishwa ichungulie unaenda programu gani, ukiwa hujalipa ikufungie hiyo na ikuachie nyingine. Watu wakakimbilia VPN, programu inayoficha unaenda wapi mtandaoni, wengine wakaacha kabisa. Julai 2021 ikaondolewa ikaja asilimia 12 kwenye data. Inauma mfukoni, na mimi siipendi, ila angalau haichagui unafungua nini.

Mwanafunzi, Ubungo: Anti, kwa hiyo bando la WhatsApp ni kosa? Mimi ndo linanisaidia, bando la kawaida siliwezi.

Jibu: Mdogo wangu, wewe huna kosa lolote, nunua unachokiweza. Swali ni kwa anayepanga bei. Bando la WhatsApp linakupa mlango mmoja kwa bei rahisi na milango mingine yote inabaki ghali, kwa hiyo kijana wa Ubungo akitengeneza programu yake ya kutuma meseji hata iwe nzuri vipi, nani ataijaribu wakati itakula bando la hela nyingi? Mwaka 2014 Tigo ya Tanzania iliingia kwenye mpango wa Internet.org wa Facebook, wa kufungua tovuti chache bure, ukaingia na India pia, lakini Februari 2016 wasimamizi wa mawasiliano wa India wakapiga marufuku bei za kubagua, mpango ukafungwa kule. Ulaya wabunge wao walipitisha kanuni ya intaneti huru tarehe 27 Oktoba 2015, wakakataa marekebisho ya kuibana zaidi, suala la bando za namna hii likabaki linaelea, mpaka Septemba 2021 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliposema huduma zisizokata data zinavunja kanuni hiyo. Chile walishatunga sheria yao tangu 2010, wa kwanza duniani. Sisi tungeanza na bei ya bando la kawaida, ikishuka hilo la WhatsApp litakosa wanunuzi lenyewe.

Mzee mstaafu, Tanga: Mwanangu, hujambo. Nasoma hapa hao wa Marekani mnawajua mpaka kwa jina, nani alikubali nani alikataa. Huku kwetu nikitaka kujua mbunge wangu alipigaje kura kwenye sheria ya mitandao nafanyaje?

Jibu: Sijambo mzee wangu, shikamoo. Hili swali lako ndo zito kuliko yote ya leo.

Wa Marekani kazi yao ni rahisi. Kura zote nilizozitaja za ukumbini ni za majina, unaingia tovuti ya Kongresi unaandika namba, S.J.Res. 52 ni ile ya usawa wa intaneti ya 2018, S.J.Res. 34 ni ya faragha ya 2017, H.R. 1644 ni muswada wa 2019, orodha inakuja mtu kwa mtu, aliyekubali, aliyekataa na aliyekuwa hayupo. Mbishi wa Columbus anaweza kuangalia leo maseneta wa Ohio wa siku zile walipigaje, jina kwa jina.

Huku kwetu Bunge kwa kawaida linaamua kwa sauti. Spika anahoji, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha anatangaza waliosema ndiyo wameshinda. Majina yanaitwa mmoja mmoja kwenye bajeti, ila miswada mingi ni sauti tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipita bungeni tarehe 1 Aprili 2015, na ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu za maneno ya bungeni, kwenye sehemu za maamuzi kama hayo unakuta mabano mawili, "hoja ilitolewa iamuliwe", chini yake "hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Jina hakuna. Zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizomtaka mwenye blogu alipe kama shilingi milioni 2 na laki 1, hizo hazikupigiwa kura bungeni kabisa, ni kanuni za waziri chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, kama vile FCC inavyotunga za kwake.

Kinachopatikana ni michango ya kuongea. Hansard iko kwenye tovuti ya Bunge, mwambie mjukuu akutafutie siku ya muswada alafu atafute jina la mbunge wako, kama alisimama akachangia utasoma neno kwa neno alisema nini. Kama hakusimama, basi imebaki kumuuliza uso kwa uso. Akija kwenye mkutano wa hadhara nyoosha mkono, mtajie tarehe, mwulize siku ile alikuwemo ukumbini au hakuwemo, na kama alikuwemo alisema ndiyo au siyo. Alichojibu niandikie mzee wangu, nitakiweka hapahapa toleo lijalo.